Hisa, Deni na Kisima Kisichochimbwa

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Pemba

Kabla sijaendelea, namwomba mwalimu aandike ubaoni maneno haya sita kwa herufi kubwa: HISA, MWENYE HISA, KAMPUNI, GAWIO, DENI, DALALI. Kila neno litakuja katika mazungumzo ya leo, na likija, mwanafunzi mmoja alionyeshe ubaoni kwa kijiti.

Somo hili limetokana na swali. Darasa moja la Wilaya ya Micheweni limeuliza habari za hisa. Mmoja wa wanafunzi, mama mtu mzima, ana kijana wake anayefanya kazi Dar es Salaam. Kijana huyo mwaka 2014 alinunua hisa za kampuni ya kutafuta mafuta, na mama alimpa sehemu ya fedha yake ya mwani amnunulie na yeye. Sasa miaka imepita. Hakuna faida iliyokuja, na hisa zenyewe haziuziki. Mama anauliza maneno mawili tu: Fedha imekwenda wapi? Na mwizi ni nani?

Ni maswali mazuri, na hayo ndiyo tutakayoyajibu. Nitawaambia mapema kwamba swali la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Tuanze na neno HISA. Maana yake ni fungu au sehemu. Neno hili si geni kwetu. Mnalijua katika mirathi, mnalijua pia pwani, hata kama huko mnaita mafungu. Watu wanapokwenda baharini na jarife, samaki hawagawiwi ovyo. Kwanza huuzwa. Katika fedha ya mauzo hutolewa gharama: mafuta ya mashine, barafu, chakula cha safari. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa: fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, na mafungu ya wavuvi. Mwenye nyavu hakuvua, huenda alikuwa amelala nyumbani kwake, lakini ana fungu lake kwa sababu nyavu ni zake.

Basi KAMPUNI ni chombo cha namna hiyo, isipokuwa chombo chenyewe kinatambuliwa na sheria kama mtu. Kinaweza kumiliki mali, kinaweza kukopa, kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Umiliki wake umekatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande ni hisa moja. Aliyenunua kipande ndiye MWENYE HISA. Kampuni ikipata faida, wakuu wake wakaamua kugawa, kila hisa hupata kiasi chake, na fedha hiyo huitwa GAWIO.

Shikeni jambo moja hapa. Jarife likirudi tupu, mwenye fungu hapati kitu, wala hana wa kumdai. Bahari haikutoa. Lakini yule aliyekopesha barafu atakuja kudai fedha yake, samaki wawepo wasiwepo. Mwenye fungu ni mmoja, mwenye kudai ni mwingine. Tofauti ya watu hawa wawili ndiyo ufunguo wa somo la leo.

(Mwalimu asimamishe redio. Wanafunzi wataje watu wanaopewa mafungu na watu wanaolipwa kabla ya mafungu.)

Haya, sasa tuingie katika kutafuta mafuta. Sisi wa Pemba habari hii tunaijua kwa muda mrefu. Kampuni za BP na Shell zilifanya uchunguzi katika visiwa hivi miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikachimba kisima kirefu hapa Pemba, upande wa Tundaua. Wazee wengi wanakumbuka habari zake. Mafuta ya kuuza hayakupatikana. Mwaka 2015 sheria ilitungwa kuiwezesha Zanzibar kusimamia mafuta na gesi yake yenyewe, mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi likatunga sheria ya Zanzibar, na Oktoba 2018 Serikali ikatia saini mkataba wa utafutaji na kampuni ya RAK Gas, ya Ras Al Khaimah, kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Kwa hiyo neno mafuta linapotajwa, masikio ya Mpemba husimama, nami siwalaumu.

Lakini lazima tujue kazi yenyewe ilivyo. Kutafuta mafuta si kuchimba mafuta. Anayechuma karafuu anaiona karafuu juu ya mti, na shaka yake ni bei na mvua tu. Anayetafuta mafuta haoni kitu. Hutuma ndege na vyombo kupima ardhi. Kisha hutikisa ardhi kwa mitambo na kusikiliza mwangwi unavyorudi kutoka chini, ili achore picha ya miamba iliyojificha. Picha ikimridhisha, ndipo huchimba kisima cha majaribio. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na visima vingi vya majaribio duniani hutoka vikavu. Wakati wote huo hakuna hata pipa moja la kuuza. Fedha inatoka, haiingii.

Kampuni kubwa inaweza kustahimili. Ina visima kwingine vinavyoilisha. Kampuni ndogo ya utafutaji haina. Inaishi kwa fedha za watu: leo za wenye hisa, kesho za mshirika aliyekubali kuchangia gharama, keshokutwa za mkopo. Ndiyo maana napenda msikie habari ya kampuni aliyoitaja kijana wa mama yetu.

Jina lake ni Swala Oil and Gas (Tanzania). Swala huyu ni yule mnyama wa mbuga mwenye mbio, si ibada, msije mkachanganya. Kampuni ilikuwa na leseni za kutafuta mafuta na gesi bara, katika eneo la Kilosa na Kilombero mkoani Morogoro, na katika bonde la Pangani. Mikataba yake na Serikali ilitiwa saini mwaka 2012. Agosti 2014 hisa zake ziliingizwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, katika dirisha lililowekwa kwa ajili ya kampuni changa, na ilikuwa kampuni ya kwanza ya kutafuta mafuta na gesi kufanya hivyo katika soko lile. Kila hisa iliuzwa shilingi 500.

Shilingi 500! Fikirini bei hiyo. Mtu mwenye shilingi 100,000 alipata hisa 200. Mwalimu, mfanyakazi wa ofisi, mama wa mwani, kila mmoja aliweza kuingia. Kampuni iliomba shilingi bilioni 4 na milioni 800, na wananchi wakaleta zaidi ya bilioni 6. Wakati ule gesi nyingi ilikuwa imekwisha kugunduliwa katika bahari ya kusini, mbali na pwani ya Lindi na Mtwara, na magazeti yalikuwa yamejaa habari za utajiri unaokuja. Watu walitaka na wao wawe na fungu. Sioni ubaya wa shauku hiyo. Kwa miaka mingi watu wetu waliona mali ya ardhi yao ikienda na wengine, na huu ulikuwa mlango uliofunguliwa kwa sheria, mchana kweupe.

Nasema mchana kweupe kwa sababu wako watu wanaochanganya hisa na upatu. Upatu wa udanganyifu hulipa wa mwanzo kwa fedha za wa mwisho, mpaka siku moja wa mwisho wakose. Kampuni hii haikuwa hivyo. Ilitoa waraka wa kuelezea biashara yake, waraka ukapitishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambayo ndiyo yenye kazi hiyo nchini. Hatari za utafutaji ziliandikwa ndani ya waraka. Ila nawauliza: ni wangapi walioufungua? Na walioufungua, ni wangapi walioelewa lugha yake? Waraka wa namna hii huwa mnene, na lugha yake ni ya mawakili. Kwa maoni yangu, kumuuzia mtu hisa kwa tangazo la maneno machache, kisha kumfichia hatari katika ukurasa wa mbali, ni halali ya sheria lakini si uungwana.

Tuendelee. Kule Kilombero kampuni na washirika wake walipima ardhi, wakachora picha, wakachagua mahali pa kuchimba kisima. Wakakipa na jina kabisa: Kito. Mshirika mmoja alikuwa Otto Energy ya Australia, na Tata Petrodyne ya India ikakubali kuingia. Mwenye hisa akisikia jina la kisima anaona kama kimekwisha kuchimbwa. Kumbe bado. Mwaka 2014 huohuo bei ya mafuta duniani ilianza kuanguka. Pipa lililokuwa likiuzwa zaidi ya dola 100 katikati ya mwaka, mwanzoni mwa 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Kampuni za utafutaji dunia nzima zikafunga mikoba. Ahadi za kuchimba zikasogezwa mbele, tena na tena. Kisima cha Kito hakikuchimbwa.

Hapo ndipo jambo la DENI linapoingia, nami nataka tukae hapa kwa muda.

Kampuni iliona kwamba haiwezi kukaa ikisubiri kisima. Ikatafuta biashara ambayo tayari inatoa fedha. Biashara hiyo ilikuwa gesi ya Songo Songo, kile kisiwa cha Kilwa ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuuzwa Dar es Salaam mwaka 2004. Kampuni inayouza gesi ile ilikuwa chini ya kampuni nyingine iitwayo Orca. Swala ikakubaliana na Orca kwamba itanunua hadi asilimia 40 ya tawi lake linalomiliki biashara ile. Mpango ulikuwa mkubwa, wa zaidi ya dola milioni 100. Kilichopatikana, mwezi Januari 2018, ni kama asilimia 8 tu. Kwa sehemu hiyo ndogo Swala ililipa zaidi ya dola milioni 15 taslimu, na juu yake ikatoa hisa za namna ya pekee zenye thamani ya dola milioni 4. Fedha za ununuzi huo zilitokana na mkopo.

Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Ni sawa na mtu mwenye shamba lisilozaa bado, anayekopa ili anunue fungu katika shamba la jirani linalozaa, kwa tumaini kwamba mavuno ya jirani yatalipa mkopo na kubakisha kidogo. Hesabu inakubali, maadamu mavuno yaje kwa wakati na kwa kiasi kilichotazamiwa. Lakini mwenye asilimia 8 haamui lini mavuno yagawanywe. Anayeamua ni mwenye sehemu kubwa. Na mkopo hausubiri. Mkopo ule haukulipika kama ulivyopangwa, kampuni ikalemewa, na baadaye biashara ya hisa zake katika Soko la Dar es Salaam ikasimamishwa.

Hili la deni sisi tunalo katika historia yetu, wala hatuhitaji kulitafuta Dar es Salaam. Wazee wa Pemba waliweka mikarafuu rehani. Bei ya karafuu ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalikuwa yameelemewa na madeni, hata mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai. Shamba likiwa rehani, mwenyewe huendelea kuitwa mwenye shamba. Anapita humo na panga lake, anapalilia, anasalimiwa kwa heshima. Lakini karafuu ya msimu, ikikauka tu juu ya majamvi, inaijua njia ya kwenda kwa mdai.

Mwenye hisa wa kampuni yenye madeni yuko vivyo hivyo. Jina lake limo daftarini, lakini mavuno yamekwisha kupata mwenyewe kabla yake.

Sheria imeweka safu. Kampuni ikishindwa kabisa, ikavunjwa na mali yake ikauzwa, fedha haigawanywi kwa kuangalia nani ana shida zaidi. Kwanza hulipwa gharama za kazi yenyewe ya kuvunja. Mkopeshaji aliyeshika dhamana hulipwa kutokana na mali aliyoishika. Wafanyakazi kwa mishahara waliyokuwa wakidai, na Serikali kwa kodi fulani, wamewekwa mbele. Wanafuata wadai wengine wasio na dhamana. Baada yao ndio wenye hisa za namna ya pekee, zile zenye upendeleo. Mwisho kabisa wa safu yupo mwenye hisa za kawaida, ndiye mama yetu wa Micheweni. Mara nyingi zamu yake ikifika, sanduku ni tupu.

(Mwalimu awasimamishe wanafunzi sita mbele ya darasa kwa mpangilio huo, ampe wa kwanza kokoto kumi azigawe, waone nani hukosa.)

Yupo atakayeogopa sasa, aulize: je, wadai wa kampuni wanaweza kuja kuchukua shamba langu au ng'ombe wangu? Hapana. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kampuni ya hisa. Ukishalipia hisa yako kamili, unachoweza kupoteza ni kile ulicholipa, basi. Aliyetoa 100,000 atapoteza 100,000, na deni la mamilioni ya dola halitamfuata nyumbani.

Turudi katika swali la kwanza la mama: fedha imekwenda wapi? Imekwenda katika kupima ardhi, katika ada za leseni, katika mishahara na ofisi na mawakili, katika riba. Fedha ya utafutaji haizikwi mahali ikasubiri kuchimbuliwa. Ikitumika imetumika.

Na swali la pili: mwizi ni nani? Huenda hakuna. Najua jibu hili linaudhi. Mtu aliyeibiwa ana wa kumshika, anakwenda kwa sheha, anakwenda polisi. Mtu aliyepoteza fedha kwa biashara iliyoharibika hana wa kumshika, na uchungu wake haupungui kwa sababu hiyo. Lakini kuna kilio kingine ambacho ni cha haki kabisa, nacho ni kilio cha kutoambiwa. Mwenye hisa mdogo hulalamika hivi: kisima kiliposogezwa, sikuambiwa kwa lugha ninayoielewa, mkopo ulipochukuliwa, nilisikia baadaye, hisa ziliposimamishwa, nilisomewa na jirani katika gazeti. Anaona fedha yake ilipokelewa kwa tabasamu, ila swali lake halipati wa kulipokea.

Akisema aende akapige kura mkutanoni, anakutana na hesabu. Tuifanye hesabu hiyo pamoja. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inawapa wenye hisa haki ya kulazimisha mkutano usio wa kawaida uitishwe, wakiwa na sehemu moja ya kumi ya hisa zenye kura. Baada ya mauzo ya mwaka 2014, hisa zote za Swala zilikuwa karibu milioni 100. Sehemu moja ya kumi ni hisa milioni 10. Mwenye hisa 200 atahitaji wenzake wangapi? Gawanyeni: milioni 10 kwa 200 ni 50,000. Watu elfu hamsini! Hisa zilizouzwa kwa umma wote zilikuwa kama milioni 13, maana yake sehemu kubwa sana ya wanunuzi wa nchi nzima, kutoka Bukoba hadi Mtambile, wangepaswa kusema neno moja ndipo waweze hata kuitisha mkutano. Na wakishauitisha, kampuni iliyoizaa Swala, iliyokuwa Australia, ilikuwa na zaidi ya nusu ya hisa zote mwaka ule. Katika kura, mwenye zaidi ya nusu anatosha peke yake kwa mambo mengi.

Tangazo liliposema "miliki kampuni", lilisema kweli, ila halikusema kwa kiasi gani.

Kuna jambo jingine lililowachanganya wengi, nalo ni bei. Kijana wa mama anasema: mbona kwa muda mrefu karatasi ya soko ilionyesha bei iliyo karibu na shilingi 500, kama siku niliyonunua? Basi si nina fedha yangu? Ndugu wasikilizaji, bei iliyoandikwa ni bei ya mara ya mwisho mtu alipouza na mwingine akanunua. Ikiwa tangu hapo hakuna aliyenunua, bei hukaa palepale kama saa iliyosimama. Ukienda sokoni Chake Chake na pweza wako, ukasema jana aliuzwa 20,000, na leo hakuna hata mmoja anayemtaka, pweza wako ana bei gani? Hisa inayokosa mnunuzi ina namba, haina bei.

Sasa afanye nini aliye na hisa za namna hii? Nitasema yale yaliyo katika uwezo wa mtu wa kawaida.

Kwanza atafute karatasi zake. Siku hizi hisa huandikwa katika daftari la kompyuta, na mnunuzi hupewa namba ya akaunti. Namba hiyo, risiti ya malipo, na jina la DALALI aliyemnunulia, vyote vinakiliwe katika daftari la nyumbani kwa mkono wake mwenyewe. Dalali wa hisa si kama dalali wa mnadani anayepiga kelele. Ni kampuni yenye leseni, na ina wajibu wa kukujibu. Ukimwandikia na asikujibu, andika barua kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, utaje tarehe uliyonunua, idadi ya hisa na swali lako. Swali liwe moja na liwe wazi, kama hili: "Naomba kujua hali ya kampuni hii kisheria, na kama kuna msimamizi aliyewekwa juu ya mali yake, jina na anwani yake ni ipi?" Barua ya matusi huishia kapuni. Weka nakala. Mmejifunza kuandika barua rasmi katika somo la mwezi uliopita, na hapa ndipo kazi yake.

Kisha, kama kampuni imeweka mtu wa kusimamia madeni au kuivunja, soma matangazo yake. Wenye hisa huitwa katika mikutano. Mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni huitishwa kwa taarifa ya siku 21, na asiyeweza kwenda anaweza kumtuma mtu kwa maandishi ampigie kura. Safari ya boti kutoka Mkoani hadi Dar es Salaam kwa ajili ya hisa 200 haina maana. Lakini watu ishirini wa shehia mbalimbali wanaweza kumtuma mmoja, naye akirudi awasomee aliyoyasikia.

La mirathi nalo watu hulisahau. Mtu akifa, warithi huhesabu shamba, nyumba, ng'ombe na vyombo. Hisa hawazijui, kwa sababu marehemu hakuwaambia. Hisa ni mali, hata ikiwa haina mnunuzi leo, na inapaswa kutajwa mbele ya kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana pamoja na mali nyingine. Bibi na bwana waambiane. Najua waume wengine hawapendi wake zao wajue walichonunua, hasa kikiwa kimeharibika!

Na tahadhari moja, tena nitaisema kwa sauti. Palipo na watu waliopoteza fedha, huja mtu mwingine nyuma yao. Atakupigia simu, atakutajia jina la kampuni yako, huenda akajua hata idadi ya hisa zako. Atasema: hisa zako zimepata mnunuzi Ulaya, tuma kwanza 50,000 ya kufungua faili. Usitume. Anayetaka kununua kitu chako hakudai wewe umlipe kwanza. Mlio na simu za kutuma fedha, semeni habari hii katika mabaraza na visimani, maana wanaodanganywa mara ya pili mara nyingi ni walewale wa mara ya kwanza.

Je, mtu asinunue hisa kamwe? Sikusema hivyo. Zipo kampuni katika Soko la Dar es Salaam zinazogawa gawio mwaka hata mwaka, na wapo watumishi wa serikali hapa Pemba wanaolipokea. Kampuni inayouza saruji au bia au huduma ya benki inaweza kukuonyesha hesabu ya faida ya miaka kumi. (Ipi kati ya hizo inamfaa Mwislamu, hilo ni la kuuliza kwa wanavyuoni, si kwangu.) Kampuni ya utafutaji haina hesabu ya faida ya kukuonyesha, ina ramani na matumaini. Anayetaka kuingia aingie kwa fedha ambayo ikizama mtoto hatakosa ada ya shule. Fedha ya mwani ya mama yule, kwa maoni yangu, haikuwa fedha ya kutafutia mafuta. Kazi ya mwani ni ya kusimama ndani ya maji tangu bamvua inapotoa mpaka inaporudi, na malipo ya kilo moja ni madogo. Fedha inayopatikana hivyo ilistahili mtu wa kumketisha mama, amwambie: kuna uwezekano mkubwa isirudi. Kijana hakumwambia kwa sababu na yeye hakuambiwa.

Na kwa sisi wa kisiwani, likija siku moja tangazo la kuuza hisa kwa ajili ya mafuta ya huku kwetu, maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha ni haya: Kampuni ina madeni kiasi gani, kwa nani, na kwa fedha ya nchi gani? Nani ana zaidi ya nusu ya hisa? Kisima cha kwanza kitachimbwa mwaka gani, na fedha ya kukichimba ipo au inatafutwa? Kikitoka kikavu, kampuni itaishi kwa nini? Muulizeni dalali, na majibu yaandikwe. Akijibu kwa kucheka au kwa haraka, mwacheni aende zake.

Mwalimu sasa awape darasa hesabu mbili. Ya kwanza: Bi Fulani alinunua hisa 150 kwa shilingi 500 kila moja, na dalali akamtoza ada ya shilingi 2,000. Jumla ametoa shilingi ngapi? Ya pili ni ndefu kidogo. Kampuni ya kufikirika ina mali ya shilingi milioni 80. Inadaiwa mishahara milioni 10, kodi milioni 5, na mikopo milioni 70. Ikivunjwa leo, kwa safu tuliyoisema, wenye hisa za kawaida watapata kiasi gani? Atakayepata jibu asiliseme. Aliandike, akunje karatasi, ampe mwalimu.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutasoma stakabadhi ya mauzo ya karafuu, mstari kwa mstari. Kila mwenye stakabadhi ya zamani nyumbani aje nayo darasani.